Vigae vya Wiji Rahmaningtyas

Nani kati yetu tuliosimama hapa hajawahi kumwaga rangi mtoni? Anayeona swali hili halifai msibani hakumjua shangazi yangu, Dkt. Wiji Rahmaningtyas.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Pekalongan, mtoto wa pili wa mzee Sastro na bibi Tumini, watengenezaji wa batiki. Utotoni alijua jirani yupi amepata oda kwa kutazama rangi ya mto tu.

Alisoma shule za hapa mjini, kisha kemia huko Bandung, na mwaka 1999 akapata shahada ya uzamivu. Alifundisha chuo kikuu Semarang hadi alipougua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza unga wa oksidi ya zinki, wenye chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Jua likiupiga ndani ya maji machafu, rangi huvunjika. Na jua, alikuwa akisema, halina bili.

Mwaka 1996 aliolewa na mwalimu Harjono, wakajaliwa binti, Laras. Mwalimu husema posa yake ilikubaliwa kwa sharti moja: asiulize ni unga gani unaookwa jikoni.

Mwaka 2009 alileta unga wake kwenye karakana ya baba yangu, Karyadi, kaka yake. Akaumwaga kwenye hodhi la maji ya rangi. Unga ule ulikuwa laini mno, haukutuama. Ukatoka na maji, mto ukawa mweupe.

“Lo, dada!” Baba alipiga kelele mbele ya mafundi. “Sisi tunautia wekundu, wewe umetuletea tui. Bado wali tu!”

“Cheka, kaka. Huo wali utaula wewe.”

Alirudi na jibu: unga uliogandishwa kwenye vigae vya paa kwa kuokwa, na maji yapite juu yake juani. Ulifanya kazi wiki chache, kisha ukakoma. Mafundi walikuwa wakimwaga humo maji ya kuchemshia vitambaa, yenye nta ya kuchorea batiki. Nta ikavifunika vigae, jua likakosa njia.

“Tengeni nta kwanza, kaka, basi.”

“Dada, mimi nauza batiki, siuzi maji.”

Waligombana hivyo miaka kumi na minne. Vigae vikabaki uani, kuku wakivilalia.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Sitasema chanzo ni mto. Yeye mwenyewe alinikataza kusema nisichoweza kuthibitisha. Alifariki nyumbani jana, Jumatano tarehe 6 Septemba 2023, jioni. Neno lake la mwisho kwa Baba lilikuwa, “Nta kwanza, kaka.”

Ameacha mume, binti, kaka mmoja, wanafunzi wengi na mto ambao haujasafishwa. Mungu amlaze penye maji maangavu.

Leo asubuhi, nilipokwenda kumwita Baba kwa ajili ya mazishi, nilimkuta uani amepiga magoti. Alikuwa akikwangua nta kwenye vigae kwa kisu na maji ya moto, kimoja kimoja. Ndoo ya rangi nyekundu ya jana ilikuwa kando yake, haijamwagwa.

“Baba, watu wanafika.”

“Waache wafike,” alisema bila kuinua kichwa. “Nishikie kigae hiki. Jua nalo linafika.”