Ufunguo wa Nyumba ya Babu

Benchi liko ubavuni mwa karakana ya baiskeli, pale Mama Birika anapouzia kahawa. Mwenye karakana wanamwita Mrithi, maana hamalizi sentensi bila kumtaja babu yake. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa shati la harusini. Ofisa wa mambo ya kale alikuwa akija kukagua nyumba ya shambani aliyoijenga babu. Akiridhika, nyumba ingelindwa kisheria. Asiporidhika, baba yake mdogo angeleta tingatinga Jumatatu.

— Mtu mzima anaamkaje na wazo la kuvunja nyumba ya baba yake? Mrithi aliuliza, tena.

— Anasema amechoka kukinga mabeseni kila mvua ikinyesha, Mama Birika alisema.

— Amechoka! Babu alikanda udongo ule kwa miguu yake. Ukuta unene wake mkono mzima!

— Mkono wako au wa babu? aliuliza Chuma, fundi wa kuchomelea.

— Chuma, leo sina hamu na wewe.

— Nakusaidia, bwana. Izungushie mabati, juu mpaka chini. Nyumba ndani ya nyumba. Mvua ipite wapi?

— Na watu wapite wapi?

— Watu wa nini? Si mnailinda?

Profesa, dereva wa lori ambaye shule aliiacha mapema, aliweka kikombe chini.

— Mnahangaika bure. Tunaikata vipande vinne, napakia, naileta hapa mtaani kila mtu aione.

— Ukuta wa udongo utaukata na nini?

— Msumeno. Unaulowesha kwanza.

— Ukiulowesha si unakuwa tope, Profesa!

— Tunaukanda upya. Babu yako alitumia miguu. Miguu tunayo.

Mrithi alishika kichwa. Angekuwa na benchi lingine angehamia.

— Nyumba ile imenuna tu, Mama Birika alisema. Haina mtu. Mpelekeni hata mbuzi akalale.

— Mbuzi! Nyumba yetu haikosi mtu, mama. Babu aliacha utaratibu: aliyelala humo wa mwisho ndiye anakaa na ufunguo, mpaka mwenzake aje alale amkabidhi. Ukoo mzima tunaufuata. Huyo baba mdogo ndiye hana uchungu na ile nyumba!

Mwanamke mwenye viatu vya matope alisimama mbele yao, akasalimia. Alikuwa ofisa mwenyewe.

— Natoka shambani sasa hivi. Kuta ni nzuri, nimezipenda. Ila mlango umefungwa, na bila kuona ndani siwezi kuandika chochote. Ufunguo uko kwa nani?

Profesa alimtazama Chuma. Chuma alimtazama Mrithi.

— Si umesema aliyelala wa mwisho?

— Nimesema.

— Sasa ni nani?

Mama Birika alianza kusuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

Mrithi alikumbuka simu ya msimu wa mvua. Paa linavuja, njoo tusaidiane, sauti ilisema, na nyuma yake matone yalisikika yakigonga bati la beseni. Yeye alijibu kwamba karakana ina kazi nyingi.

— Kaka, ofisa alisema, nauliza ufunguo tu.

Mrithi alitoa simu, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akawapa wenzake mgongo.

— Shikamoo, baba mdogo, alisema, kwa sauti ambayo kijiweni hawakuwahi kuisikia.