Sufuria Mbili za Alhamisi

Jumapili. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, saa sita jua likatoka.

Ndugu zangu wa Kaloleni, Bwana ametenda, jina lake litukuzwe! Mimi si mtu wa kusimama mbele, ndiyo maana naandika leo ili katibu awasomee Alhamisi. Nikikosea, mume wangu Baba Nekesa atakuwepo, anisahihishe.

Mnajua ushirika wetu huzunguka nyumba kwa nyumba. Kwangu mlisifu mchuzi wa nyama kwa sababu mafuta yalielea juu. "Kwa Mama Nekesa mtu anapakwa mafuta mpaka kidevuni!" mlisema, nami kichwa kikavimba.

Kisha daktari akamwambia Baba Nekesa kwamba mishipa ya moyo wake imeanza kuziba, apunguze mafuta, hasa haya yanayoganda. Nilitii nusu. Zamu yetu ilipofika nikapika sufuria mbili: ndogo yake, na kubwa ya wageni, inayong'aa kwa mafuta. Niliogopa kuitwa mchoyo. Yeye naye aliona aibu kula cha mgonjwa mbele yenu, akachota kwenye ile kubwa. Nilimwona, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Zamu iliyofuata nikafanya vilevile. Aliinuka kufunga kwa maombi, akashika kifua, jasho likamtoka. Ndugu zangu, ninyi wenyewe ndio mliombeba hadi kwenye gari!

Nisiseme uongo. Si mafuta peke yake. Alivuta sigara miaka mingi, na daktari alitaja hilo kwanza. Wala sisemi maombi yalitosha bila dawa. Vidonge bado anameza. Lakini Mungu alimrudisha nyumbani, na mimi akanifungua kutoka kwenye hofu ya midomo ya watu. Nadhani amenifungua. Bado najipima.

Maana zamu iliporudi nilipika sufuria moja, ya mafuta kidogo. Mama Atieno akachungulia mchuzi. "Mwenzetu, kwani mafuta yameisha dukani?"

Kabla sijajibu, Baba Nekesa akasema, "Dada, yenu yote niliyamaliza mimi!"

Mkacheka, mkala, sufuria ikarudi jikoni tupu.

Basi nawasihi, mwaminini Mungu hata jikoni. Mwenye mgonjwa nyumbani asipike sufuria mbili.

Jioni hii tumekula ugali, kunde na dagaa wa omena kwa nyanya, kijiko kimoja cha mafuta kwa watu watano. Baba Nekesa ameomba kuongezewa kunde.