Kadi Iliyomkataa Mama Khamis

Assalaam alaykum ndugu zangu! Sifa zote ni za Mola, mke wangu anapumua! Hilo nnaliweka mbele, msije mkanisikiliza roho juu. Lakini nivumilieni, mie nikianza kusema lazima kwanza nipite kwa babu yangu, kule kijijini Kidichi.

Babu alikuwa na redio ya betri, na betri zikichoka tukizianika juani pamoja na mdalasini. Saa ya habari majirani huja wakakaa barazani, na bibi yangu hukaa ndani, mlango wazi, apate kusikia. Basi yule bwana wa redio akianza kusema tu, bibi huvuta kanga akajifunika kichwa! Babu akimcheka: "Mtu yumo kwenye sanduku, atakuona wapi?" Bibi akimjibu: "Sauti ya mwanamme ni sauti ya mwanamme."

Na babu naye, kwa kucheka kwake kote, mpaka anamzika bibi sikumsikia hata siku moja akimtaja jina mbele ya wanaume. Akisema "mama Haji", au "wa nyumbani", basi. Ndivyo tulivyolelewa. Shule mie niliishia darasa la tatu, lakini adabu hiyo nimeijua kuliko hesabu.

Haya. Mahoteli yalipoanza kujaa Paje, nikapata kazi ya bustani kwenye hoteli moja. Siku moja akaja bwana wa bima kutoka Dar es Salaam, kalamu mbili mfukoni. Tukaambiwa kila mtu atakatwa mshahara kidogo, apewe kadi ya kutibiwa, yeye na mkewe. Tukapanga foleni, wanaume watupu, wapishi nyuma yangu, wapagazi mbele. Bwana akaniuliza: "Mke wako anaitwa nani?" Mbele ya kadamnasi ile! Nikamwambia, "Mama Khamis." Akaandika. Kadi ikaja, juu jina langu, chini yake Mama Khamis. Nami kwa ujinga wangu nikafurahi, nikasema huyu bwana ana adabu.

Ndugu zangu, mke wangu ana pumu. Asubuhi moja moshi wa kuni ukamkamata, kila pumzi akawa anaivuta kama ndoo ya kisimani. Nikakodi gari mpaka mjini, hospitali ya binafsi iliyotajwa kwenye kadi. Nikaitoa kadi kwa majivuno! Karani, binti wa watu, akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, nikaitika. Akatazama kadi, akatazama kitambulisho cha mke wangu.

"Mzee, huyu siye. Huyu ni Zuhura Makame."

"Ndiye Mama Khamis huyo!"

"Kadi haisemi hivyo."

"Khamis mwenyewe tunaye. Nikamlete?"

"Kalete barua, mzee. Ya bima, kutoka Dar es Salaam."

"Basi ntalipa mwenyewe."

"Wewe una kadi, mzee. Hatuwezi kupokea pesa yako mpaka bima wakatae kwa maandishi."

Jamani! Mtu anazama nchi kavu, mnataka barua! Daktari nnamuona, mlango wake u wazi, anakunywa chai. Hatua nane tu! Na kati yake na mke wangu imesimama kadi. Mshahara wangu walikuwa wakiukata mwezi baada ya mwezi, na hakuna siku waliyouliza kama pesa zile ni za Mama Khamis au za Zuhura. Kuchukua hakukuhitaji jina!

Mama mmoja aliyekuwa akipiga deki akaninong'oneza: "Baba, unamngoja nani? Mpeleke mtaa wa Amani, kwa Dakta Rahma. Yule hataki kadi ya mtu."

Kwa Dakta Rahma ni vyumba viwili na baraza. Mie hata hakunitazama. Alimkalisha mke wangu, akamfunika pua na mdomo kwa kile kikombe cha dawa ya mvuke, akamshika mkono mpaka kifua kikatulia. Ndipo akamuuliza yeye mwenyewe: "Bi mkubwa, jina lako nani?"

"Zuhura," akasema. Kisha akanigeukia: "Umeona lilivyo jepesi, Baba Khamis?"

Nililia, ndugu zangu, sioni haya kusema.

Dakta akatueleza desturi yake. Kila nyumba humpa kitu kidogo kila mwezi, mkononi mwake, ukiugua usiugue, na ukija anakutibu. Mambo ya kupasua hayawezi, hayo hukupeleka hospitali kuu. Nikamuuliza, na bima je? Akasema: "Nikimweka mtu wa kujaza fomu zao, itabidi nimtoe nesi. Wewe unamtaka nani?" Nikasema namtaka nesi!

Tangu siku ile pumu ikimjia tunajua pa kukimbilia. Namshukuru Mola aliyetutoa mbele ya yule karani! Na wewe mwenye mgonjwa ndani, mtegemee Mungu, kisha mtafute daktari anayemtazama mgonjwa kabla ya karatasi. Na nyinyi wanaume wenzangu, watajeni wake zenu! Heshima gani hiyo inayomnyima mtu pumzi?

Bwana wa bima alirudi hotelini, anacheka, na kadi mpya. "Mzee, hospitali wametuarifu, tumerekebisha! Mtaje mkeo, utie saini hapa, tuendelee kukukata." Foleni ile ile, wapishi wakinitania: "Mtaje, mzee, mtaje!" Nikamtaja, tena kwa sauti: "Zuhura binti Makame! Na alikaribia kufa mbele ya karani wenu!" Kicheko kikakatika. Meneja wa hoteli, aliyekuwa kasimama pembeni, akasema asiyetia saini hana kazi hapa.

Nikauweka mkasi wa bustani juu ya ile kadi. Nikatoka kwa lango la mbele, lile la wageni, tulilokatazwa sisi wafanyakazi. Wakaniita mara mbili. Sikugeuka, na pale sijarudi tena.