Glasi ya Bi. Tak Inabaki Dawatini

Baada ya miaka thelathini na minne katika tawi letu la udalali wa hisa hapa Daegu, Bi. Tak Yeong-suk, mkuu wa dawati la wateja, anastaafu tarehe 30 Juni. Desturi ya tawi ni kwamba mdogo kuliko wote ndiye humwandikia anayeondoka. Mdogo ni mimi. Nimesoma kwa lugha mbili na zote hunikimbia nikisimama mbele ya watu, kwa hiyo nashukuru kwamba leo natakiwa kuandika tu.

Bi. Tak alianza enzi ambazo wateja walishinda tawini wakikodolea macho ubao wa bei za hisa. Kazi yake ya kwanza, anasema, ilikuwa kuwaamsha waliosinzia tukitaka kufunga. Siku hizi ubao umehamia kwenye simu na wanaosinzia wamepungua. Wanaoumia hawajapungua.

Wengi huumizwa na mifuko ya uwekezaji ya maradufu: ile inayokwenda mara mbili ya soko kila siku, na ile ya kinyume, inayopanda soko likianguka. Mnunuzi hutakiwa kwanza kutazama somo la video. Sote tunajua linavyotazamwa: simu imeegemezwa kwenye sufuria ya wali, mwenyewe anakatakata kabichi.

Ndivyo alivyofanya Mzee Ban Chil-gon, muuza mablanketi wa Soko la Seomun. Aliona soko litashuka, akatia akiba yote ya kibanda chake katika mfuko wa kinyume maradufu. Soko likashuka kweli, lakini kwa wiki nyingi za kuruka juu na chini. Akaja anafoka.

“Dada Tak! Limeshuka kama nilivyosema. Pesa yangu iko wapi, mmeila na wali?”

Bi. Tak alijaza glasi chai ya shayiri. “Kunywa sehemu moja ya tano, mjomba.” Akanywa. “Sasa naongeza moja ya tano ya kilichobaki. Imejaa?”

“Haijajaa.”

“Mfuko wako huanza hesabu upya kila siku, namna hii hii. Ulijua soko linaelekea wapi, ukaliwa na mabonde ya njiani.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ulisema somo umemaliza.”

Mzee Ban aliinamisha kichwa. “Aliyelitazama ni paka.”

Aliuza siku hiyo hiyo. Kibanda kilipona, akiba haikupona. Tangu hapo, kila aliyetaka mifuko hiyo alinyweshwa chai kwanza.

Mwaka huu ilipopendekezwa kanuni ya kuwazuia wasio na amana kubwa kuinunua, wengi tulidhani Bi. Tak ataiunga mkono. Alipanda treni hadi Seoul kwenye kikao cha maoni cha mamlaka ya masoko, akasema: “Tajiri asiyeelewa mtamfungulia, muuza blanketi anayeelewa mtamfungia. Msimpime mtu kwa pesa zake. Mpimeni anachojua, na ana kwa ana, si kwa video.” Wapo waliocheka. Mwenyekiti alimshukuru kwa muda wake.

Uamuzi haujatoka, naye anaondoka bila kuujua. Nadhani jambo hilo linamuuma kuliko anavyosema, maana kila asubuhi hufungua tangazo la mamlaka kabla hajavaa kandambili zake za ofisini.

Juzi, Bi. Tak akiwa ametoka kula mchana, aliingia kijana anayetaka mfuko wa maradufu, haraka. Nikaanza kumtafutia fomu. Mzee Ban alikuwepo, ameleta blanketi la kumuaga Bi. Tak. Aliliweka chini, akaichukua ile glasi.

“Kijana, somo umelitazama?”

“Nimelitazama.”

“Wewe au paka?”

Akamimina chai. Bi. Tak alirudi, akawakuta, akasimama mlangoni. Hakuingia kusaidia. Alisubiri hadi kijana aliposema mwenyewe kwamba haijajaa.

Bi. Tak, tunakushukuru. Pumzika vyema, ulale hadi jua lichomoze bila kuwaza soko limefungukaje. Glasi tumeomba ibaki. Kuanzia Julai wa kumimina ni mimi. Chai itamwagika kidogo, lakini nitamimina.