Ndoo ya Minyoo Bafuni

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Minyoo atakabidhi funguo za stoo na kustaafu, akiwa ameitumikia idara yetu ya kilimo cha nyumbani kwa miaka ishirini na tisa. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, naye alilipokea kwa roho safi; siku hizi hata wajukuu wake wanalitumia.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mashine za chapa zilipoondolewa, akapewa kazi ambayo kila mtu aliikwepa: kuwafundisha wakazi wa maghorofani kuotesha mboga bila udongo, kwa lishe itokanayo na minyoo. Maganda ya jikoni hutiwa kwenye ndoo, minyoo wakayala. Kinyesi chao hulowekwa, kikachujwa, na maji yake huzungushwa kwa pampu ndogo ndani ya mabomba ya plastiki yenye kokoto, ambamo mchicha na saladi husimama mizizi ikinywa.

Siku za mwanzo ndoo ilipinduka ndani ya gari la idara. Dereva alishuka, akasema harudi kwenye usukani mpaka mnyoo wa mwisho apatikane. Mama Minyoo alipiga magoti akawaokota mmoja mmoja, akiwabembeleza kama vifaranga. Dereva huyo leo ana saladi yake mwenyewe kibarazani, na hataki utani juu ya jambo hilo.

Lakini nikiandika hayo tu nitakuwa nimemwacha nje mwanamke tunayemfahamu. Lazima niisimulie wiki ile mji ulipochafuka.

Asubuhi hiyo alikwenda kwa fundi cherehani mmoja aliyekaa ghorofa ya tatu, mama wa mtoto mchanga, ambaye mchicha wake ulikuwa umeanza kupiga manjano. Hajamaliza kukagua, risasi zikalia mtaani. Barabara ikafungwa. Watu wenye silaha wakaanza kupita jengo kwa jengo, wakipora simu na kuchukua wanaume. Mume wa fundi alikuwa kazini upande wa pili wa mji.

Wanawake hao wawili walilala sakafuni, mbali na madirisha. Umeme ulipokatika, pampu ikanyamaza, na jikoni hapakuwa na chakula ila mchele kidogo. Mboga zingekauka, fundi angekula nini apate maziwa ya mtoto? Halafu majani mabichi pale kibarazani yalikuwa yanamwambia kila atazamaye juu kwamba humo mna watu. Basi wakatoka kwa kutambaa, wakafungua bomba moja baada ya jingine, wakayaingiza yote bafuni pamoja na ndoo. Tangu hapo Mama Minyoo alichota maji kwa kikombe na kuyamimina kwenye mizizi polepole, ila mara kwa mara kikombe kiligonga bomba. Kila kilipogonga, walisikiliza ngazi. Aliniambia baadaye kwamba kuliko risasi, alichoogopa ni mtoto kulia.

Mimi nilikuwa nyumbani kwangu nikipiga simu yake, haipatikani. Nilikwisha kuanza kujiuliza nani atamweleza binti yake. Sikujua kwamba ameizima, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na ya fundi, na kuzifukia chini ya maganda ndani ya ndoo. Hawakuwa na njia nyingine ya kumpata yule mume.

Siku ya nne mlango ulipigwa, kisha ukavunjwa. Waliingia vijana watatu.

"Simu ziko wapi?"

"Hatuna, mwanangu. Wenzenu wameshapita."

Walipasua godoro, wakamwaga makabati. Mmoja akaingia bafuni, akafunua ndoo na kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Mama Minyoo anasema hapo hakuomba hata dua. Maneno yote yalimtoka kichwani. Mkono ukatoka, minyoo wamejisokota vidoleni.

"Hii nini?"

"Minyoo."

"Mnawafugia nini?"

"Wanakula uchafu wetu, halafu wanalisha hizo mboga. Na sisi ndizo tunazokula."

Kijana aliutazama mchicha, akajifuta kwenye pazia. "Twendeni," akawaambia wenzake. "Hawa washarukwa na akili." Wakaondoka na cherehani. Mama Minyoo alisikiliza mpaka hatua zao zikaisha ngazini, kisha akaketi sakafuni. Alibaki pale, mgongo ukutani, mpaka fundi akaja kumshika mkono.

Barabara zilipofunguliwa, mume alifika kwa miguu akamkuta mkewe na mwanawe wazima. Fundi saa wa ghorofa ya chini alichukuliwa, na hajarudi mpaka leo.

Mama Minyoo alirudi kazini, ila hakurudi vile vile. Mlango ukigongwa, kalamu humdondoka. Ndiyo maana katika chumba chetu hakuna agongaye; tunaita tangu ukumbini, "Hodi, ni mimi fulani," na mkurugenzi naye vivyo hivyo. Hata hivyo, kazi yake ilikuwa kwenda kugonga milango ya watu. Nimemwona akikaa garini chini ya jengo, macho ameyafumba, akikusanya pumzi, kisha akabeba ndoo yake na kupanda ngazi. Mitaa mizima leo inakula mboga kwa sababu ya ngazi hizo, na maofisa wote wa kitengo chake wamepita mikononi mwake. Mtoto yule mchanga sasa amempita mama yake kwa urefu, naye ameahidi kuja kumuaga.

Mama, asante kwa kupanda ulipokuwa unaogopa. Tukija kukutembelea tutakuita tangu ngazini, ujue ni sisi. Mungu akupe siku nyingi, na ziwe za utulivu.