Fundi Wino Aaga Mitambo, Figo Zake Bado Ziko Kazini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mitambo, msimamizi wetu wa uchapaji anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ana jina lake la kuzaliwa, lakini humu ndani ni Fundi Wino, na hata mkewe akipiga simu mapokezi humuulizia hivyo hivyo.

Alianza kwa kufagia vipande vya karatasi, akapanda hadi kusimamia mitambo yote mitatu. Mtambo ukikorofisha, aliusikiliza kwanza, ndipo akashika spana. Wengi wetu tumefundishwa naye na kufokewa naye, na yote mawili yametufaa.

Kusimama kutwa kulimuumiza mgongo, akawa anameza vidonge vya maumivu kama njugu. Miaka tisa iliyopita miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa. Mkewe akamburuta hospitali. Daktari hakuzunguka: presha ya muda mrefu na vile vidonge vilikuwa vimemharibia figo. Sehemu iliyoharibika haitarudi, ila iliyobaki inaweza kulindwa.

Hakutuambia. Aliacha kula kantini, akawa anajilia chakula cha nyumbani peke yake nyuma ya stoo. Tukasema anaringa. Mpishi wetu ndiye aliyemfuata kumuuliza chakula chake kimemkosea nini.

"Chakula chako hakina kosa, dada," alimjibu. "Figo zangu ndizo haziwezi chumvi tena. Na ninaogopa."

Wiki ile ile chumvi ilitoka sufuriani ikahamia mezani, kila mtu ajitilie. Tulinung'unika, mhasibu akiongoza. Leo ndiye anayewaonya wageni wasizidishe. Fundi Wino aliacha vile vidonge, akaacha sigara, akawa hakosi dawa zake za presha wala kliniki. Kila jioni akatembea na mkewe, ambaye kwa maelezo yake hutangulia mbele na kumsubiri kwenye kona. Binti yao alipojitolea kumpa figo moja, alimwambia, "Kaa nayo kwanza, mwanangu. Niache nizitunze hizi nilizo nazo."

Amezitunza kweli. Vipimo vya mwezi uliopita vinaonyesha hazijazidi kuharibika, na hajawahi kuhitaji mashine ya kusafisha damu. Mwenyewe husema si kila mgonjwa hujaliwa hivyo, hata akijitahidi vipi, na hapendi kusifiwa kwa hilo.

Nami nina deni la shukrani. Kwa kumwona yeye, nilikwenda kupima presha, nikakuta iko juu na sikuwa na dalili yoyote. Ninaandika haya nikiwa na afya kwa sababu mtu mmoja alikubali kusema kwamba anaumwa.

Fundi, asante kwa kazi, kwa makaripio, na kwa ule ukweli uliomwambia mpishi. Wewe na shemeji yetu, tunawaombea miaka mingi ya afya na jioni nyingi za kutembea pamoja.