Mnavu Nyuma ya Tangi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Kama una chungu jikoni, punguza moto kwanza uje, maana leo tunaongea habari za jikoni hizohizo. Tunamkumbuka mama mmoja wa Madale, ambaye kabla ya Madale alikuwa wa Kiwalani, na kabla ya Kiwalani alikuwa wa Tukuyu. Jina lake Tupokigwe. Wengi walimwita Mama Rogers. Alitutoka mwaka huu, mwezi wa tatu, masika yakiwa yananukia. Homa ya mapafu ilimchukua upesi, hata majirani wengine walisikia amefariki kabla hawajasikia kwamba anaumwa.

Habari zake nimezipata kwa mume wake, Mzee Kornelio, mtu wa Masasi, fundi seremala mstaafu. Ukitaja makabati ya Chang'ombe ya zamani, yeye ni mmoja wa waliokuwa wakiyatengeneza. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mwanawe, kwenye stuli aliyoichonga mwenyewe, anatazama chini. Kwa hiyo tutamfuata yeye, kwa sababu ndiye aliyebaki.

Tuanze na sahani. Mzee Kornelio hakuwa mtu wa majani, tusidanganyane. Kisamvu cha karanga, sawa. Matembele, kwa shingo upande. Ila mnavu, hapana. Mnaujua mnavu? Ni ile mboga chungu yenye vitunda vidogo vyeusi, inayojiotea hata kando ya njia, na asiyeijua huiona gugu tu. Mkewe alikuwa akiipika karibu kila juma, naye anaila huku amekunja uso.

"Mie nilikuwaga namwambia, mama, hii ni mboga au ni adhabu?" alinisimulia mzee. "Anacheka. Halafu ananiongezea."

Kwa Tupokigwe, uchungu ule ulikuwa nyumbani. Tukuyu alikozaliwa, mvua inakusaidia kazi, na mboga unachuma umevaa sweta. Kiwalani, jua linawaka na kiwanja hakitoshi hata kutandika majamvi mawili. Ikinyesha hata kidogo alitoka nje kunusa udongo, watu wengine wakikimbilia ndani. Alikuwa na hamu na kwao mpaka na baridi yake. Mama yake alimfungia mbegu za mnavu kwenye pindo la kanga siku alipoolewa, na mbegu ile hakuiacha ipotee. Kila msimu alibakiza mashina mawili yazae. Vitunda vikiiva anaviponda, anavichanganya na majivu, anavianika, kisha anazifunga mbegu kwenye pindo lake. Narudia hapo, wasikilizaji, kwa sababu mbele tutapahitaji: mashina mawili hayachumwi, yanaachwa yazae.

Mzee alipopimwa akakutwa na sukari, muuguzi alimwambia mambo matatu. Punguza ugali, zidisha mboga, vidonge usiache. Vidonge Mama Rogers alimsimamia mpaka avimeze mbele yake, hilo tuliseme wazi, asije mtu akatupa dawa zake kwa sababu ya kipindi hiki. Lakini lile neno mboga alilichukua akaondoka nalo. Beseni lililopasuka, ndoo isiyo na mshikio, kiroba cha mchele, tairi lililochoka, vyote vikajazwa udongo. Mumewe akamletea maranda ya mbao kutoka karakana ya Chang'ombe, akatandaza juu ya udongo usikauke upesi. Mchicha ukaota, bamia zikaota, nyanya, mpapai mfupi ukajibanza mlangoni pa choo. Na mnavu, bila shaka.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanaheri, anayakumbuka vizuri. "Kiwalani ndege ikipita hamsikilizani, mnanyamaza mpaka imalizike. Mama Rogers alikuwa hanyamazi. Anaendelea kukuambia habari za mbolea, wewe unaona mdomo tu. Ndege ikishapita anakuuliza, umeelewa? Nami nilikuwa naitikia, ndiyo, nimeelewa." Bi Mwanaheri alisema hivyo akicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Basi miaka ikaenda. Mguu wa mzee ukapata kidonda kigumu kupona, na mwana wao Rogers, ambaye alikuwa amejenga Madale, akasema imetosha. Wazazi wahamie kwake. Rogers si mtoto mbaya, msije mkamhukumu. Alikua akimwona mama yake kila masika anapambana na matope ya Kiwalani, kanga imeloa mpaka magotini. Akaapa moyoni kwamba siku akiweza, mama hatakanyaga tope tena. Siku alipowafungulia geti, uwanja mzima ulikuwa umetandikwa pevingi, vile vitofali vya saruji, kutoka getini hadi ukuta wa nyuma, nyekundu na kijivu, zimepangwa kwa maua.

"Mama, umelima vya kutosha," alimwambia. "Hapa ni kupumzika tu."

"Asante, baba yangu," mama akajibu. "Mungu akuzidishie."

Lakini walipoingia chumbani kuweka mizigo, alikaa kitandani na mfuko wake mapajani. "Baba Rogers, hapa tutakula nini?"

"Tutakula pevingi," mzee akasema.

Utani ule haukumchekesha. Mzee ananiambia hajawahi kumwona mkewe mnyonge kama miezi ile ya kwanza. Mboga zilinunuliwa, tena nyingi, mkwewe Recho, mke wa Rogers, hakuwa mchoyo. Ila Mama Rogers alikuwa akizigeuzageuza mkononi na kuuliza maji yake yametoka wapi, mpaka Recho akaona anasemwa. Jioni alikaa kibarazani akiangalia uwanja ule msafi. Mvua ikinyesha alitoka kunusa, kwa mazoea, akarudi ndani. Mvua ilikuwa inapiga vitofali inateremkia getini, haina pa kuingia.

Sasa sikilizeni alichofanya. Nyuma ya nyumba kuna tangi la maji, na nyuma ya tangi hapafiki mtu. Siku moja Mzee Kornelio alitaka kurekebisha mguu wa meza. Akafungua sanduku la vifaa, akatoa patasi yake, ile nzuri aliyotoka nayo Chang'ombe, aliyokuwa hamwazimi mtu hata akimpigia magoti. Akapitisha kidole kwenye makali. Patasi ilikuwa imeliwa mpaka imeota meno kama msumeno.

"Mama Rogers! Nani kagusa patasi yangu?"

Akaita tena, safari hii kwa nguvu.

"Mama Rogers!"

"Nimeitumia kidogo."

"Kidogo kwenye nini?"

Akampeleka nyuma ya tangi. Pale palikuwa na karai limefunikwa kifudifudi. Akalifunua. Vitofali vya pevingi vilikuwa vimeng'olewa, vimepangwa ukutani, na udongo mwekundu wa Madale umelimwa ukalainika. Na mnavu ulikuwa umechomoza, vijani viwili viwili. Bibi mzima na patasi ya mumewe, alikuwa aking'oa uwanja wa mwanawe taratibu, watu wakiwa kazini.

Mzee aliniambia alisimama pale amekasirika kweli, kwa sababu fundi na patasi yake ni kitu kingine. Akatazama yale majani machanga. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ana udongo kwenye kucha kwa mara ya kwanza tangu wahame. Akaenda akarudi na kipande cha nondo.

"Kama ni kuharibu," akasema, "tuharibu kwa kifaa chake."

Recho aligundua mapema akanyamaza, maana mboga ilikuwa inamfikia. Rogers aligundua siku aliyokwenda kuangalia bomba. Alivihesabu vile vitofali vya ukutani kimoja kimoja. Mwisho akasema, "Mama, umeshinda. Lakini isivuke hili tangi." Na haikuvuka. Kabustani kale kalikuwa kadogo, ukilala unakamaliza. Ila walikula humo. Kliniki vipimo vya mzee vikatulia, kidonda kikafunga, na muuguzi akauliza mnakula nini huko. Mama Rogers alikaa wima kwenye benchi, akajibu yeye badala ya mgonjwa.

Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi, tunamkumbuka Tupokigwe, Mama Rogers, mkulima wa nyuma ya tangi, Madale.

Homa ilipomlaza hospitali, alikuwa hana pumzi ya maneno mengi. Mzee alikaa karibu naye.

"Baba Rogers, usichume yote. Bakiza mashina mawili yazae."

"Hayo si ya kuongea sasa."

"Ndiyo ya kuongea. Pindo langu halina kitu. Nilipanda zote."

Mzee akaahidi. Na ahadi aliitimiza. Mashina mawili marefu, yaliyokuwa yamekwishazaa vitunda, hakuyagusa, navyo vikaanza kuwa vyeusi. Mkewe alifariki vikiwa vinaiva.

Mnajua msiba ulivyo. Simu zikapigwa, watu wakajaa, vijana wa mtaa wakaja kusafisha uwanja na kufunga turubai. Vijana wazuri, wenye moyo. Wakafagia mbele, wakafagia nyuma. Wakakuta nyuma ya tangi kuna majani marefu yameota ovyo, wakaona aibu wageni wayaone. Wakayang'oa. Wakayaburuta uwanja mzima hadi getini, watu wanapishana juu yake, viti vinapangwa, sufuria za wapishi zinashushwa. Vile vitofali vya ukutani navyo vikapata kazi, wakinamama walivifanya mafiga.

Mzee Kornelio alitoka ndani kupunga upepo, akaliona rundo getini. Alilitambua kabla hajalifikia. Akainama na mguu wake ule, akapekua matawi akitafuta vitunda. Vilivyobaki vilikuwa vibichi. Vyeusi vyote vilikuwa vimepukutika na kukanyagwa. Waombolezaji walidhani mzee amechanganyikiwa kwa majonzi, wakamshika mkono kumrudisha kwenye kiti.

Ni Bi Mwanaheri, aliyekuwa ndio kwanza anashuka bodaboda kutoka Kiwalani, aliyepaza sauti. "Jamani, nani kang'oa mboga ya Mama Rogers?" Akavua viatu, akakaa chini, akachambua majani yaliyofaa, akayapika kwenye kisufuria pembeni. "Shemeji, kula," akamwambia mzee. "Ya mwisho hii." Mzee alikula bila kukunja uso, akafuta sahani kwa kidole.

Najua kuna mtu ananiuliza hapo alipo, mnavu si umejaa sokoni? Umejaa. Hata Rogers, baada ya mazishi, alimwambia baba yake atamnunulia mbegu dukani, paketi nzima. Na akasema pale nyuma ya tangi atarudishia vitofali, pasije pakatuama maji yakaleta mbu. Mzee akamjibu, "Nunua tu, mwanangu. Ila hizo siyo zake." Halafu akaingia chumbani. Alifungua pindo la kanga ya mkewe, alilijua ni tupu, akalifungua hivyohivyo. Mzee aliniambia hili bila kuficha: siku ya mazishi alilia kama wanaume wanavyolia, kwa kujibana. Siku ya lile pindo alilia kama mtoto.

Kisha masika yakashuka. Yalinyesha Madale kama yamefungwa mwaka mzima. Asubuhi moja mvua imekatika, Recho alichukua panga kuukuu akaanza kukwangua majani yaliyochipua kwenye nyufa za pevingi. Mzee yuko kibarazani na chai yake.

"Recho! Acha!"

Hakuwahi kumpandishia sauti mkwewe, hata mara moja. Recho akaganda na panga mkononi. Mzee akateremka, akapiga magoti kwenye maji, akashika kijani kimoja kwa vidole viwili. Akanusa. Akasogea mbele, akashika kingine. Kutoka nyuma ya tangi, kupitia katikati ya uwanja, mpaka getini, njia yote ile mashina yalikoburutwa, mnavu ulikuwa umeota kwenye nyufa. Miguu ya waombolezaji ilikuwa imepanda. Wale vijana walioung'oa ndio waliousambaza.

"Huyu mama," mzee akasema. "Aliambiwa asivuke tangi."

Rogers alitoka akiwa amevaa shati la kazini, funguo za gari mkononi. Aliangalia ule mstari wa kijani ukipita pale anapogeuzia gari. Akaenda akalitoa gari, akaliacha nje ya geti. Akarudi, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa karibu na baba yake.

"Baba, ile patasi iko wapi?"

"Iko chini ya karai. Nondo niliyompa hakuipenda, akairudia patasi yangu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yenu nampa pole Mzee Kornelio, nampa pole Rogers na mkewe Recho, na Bi Mwanaheri na majirani wote wa Kiwalani, na ndugu wa Tukuyu ambao mvua yao ndiyo aliyokuwa akiikumbuka. Mungu ampumzishe penye udongo mzuri. Nasi tuliobaki, leo tukitoka hapa redioni, tuangalie nyuma ya matangi yetu. Ndoo mbovu ipo. Beseni lililopasuka lipo. Na tujiulize kile tunachokula kila siku, mbegu yake iko kwenye pindo la nani, na huyo mtu tumemshukuru lini.

Kabla sijaondoka Madale walinikaribisha chakula. Uwanja sasa una kitalu kirefu katikati, na gari linalala kwa jirani. Mzee hataki kuinoa ile patasi. Nilimwuliza, mzee wangu, na huu mnavu sasa umeuzoea?

"Mchungu," akasema. "Mchungu vilevile."

Akamsogezea Recho bakuli aongezewe.